Kine na Mkanda wa Kuzuia Damu

Kine hakupenda kutembea. Kazi yake ilikuwa kuamsha miguu ya wengine, lakini yeye mwenyewe aliita pikipiki hata kutoka kituo cha afya mpaka kanisani, mwendo ambao mimi na goti langu bovu tungeumaliza kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Nikimcheka alijibu bila kutabasamu: "Mwalimu, miguu yangu iko ya kusimama siku muzima. Ya kutembea niliachia bagonjwa."

Sote tulimwita Kine, kwa kulikata lile neno refu la Kifaransa la mtu anayefundisha viungo vilivyoumia kufanya kazi tena. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ofisi, na hata muuguzi mkuu alilisahau. Nilimjua zaidi ya miaka kumi, kwanza Beni, halafu Butembo, huku mashariki mwa Kongo, na katika miaka hiyo yote hakuniambia kitu juu ya utoto wake, nami sikuuliza. Alikuwa mfupi, mabega yameinama mbele, mfuko wa shati umevimba kwa kalamu na mita ya fundi wa nguo. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Asubuhi, mchana, hata siku ya Noeli, yalikuwa hivyo hivyo.

Nilifika kwake nikiwa nimebebwa. Nilikuwa nimetoka Butembo kurudi Beni, ambako nilifundisha darasa la tatu. Karibu na Kalunguta mvua ilikuwa imelainisha barabara, pikipiki ikateleza, motari aliyeniendesha akaangukia kwenye majani na mimi kwenye mawe. Goti la kushoto likavunjika. Nilikaa na plasta miezi mitatu, na siku ilipokatwa nilitazama paja langu nikadhani wamenibadilishia. Lilikuwa jembamba kama mkono, ngozi imelegea juu yake kama soksi ya mtu mwingine. Nikisimama, goti lilijikunja lenyewe. Mkurugenzi wa shule alikuja kunisalimia, akaniletea ndizi, na kabla ya kuondoka akasema, kwa upole, kwamba nafasi yangu ataishikilia mpaka mwanzo wa mwaka wa shule. Baada ya hapo angehitaji mtu wa kusimama mbele ya watoto.

Chumba cha Kine kilikuwa nyuma ya kituo, kando ya jiko la wagonjwa, kwa hiyo kila zoezi lilikuwa na harufu ya sombe, majani ya muhogo yanayochemka. Ndani kulikuwa na meza moja ndefu, viti viwili, vifuko vya mchanga alivyoshona mwenyewe, na kabati lenye kufuli. Aliniketisha mezani akaanza kuuliza maswali kama polisi.

"Ulishaka kuvimba muguu moja, ikauma, ikakuwa moto?"

"Hapana."

"Kwenu kuko mutu wa ugonjwa ya damu, ile banaita SS?"

"Hapana."

"Presha?"

"Sijue."

Akapima. Akaandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

"Uko na mimba?"

"Kine, mimi niko mujane."

"Sikuuliza ile. Niliuliza mimba."

"Hapana!"

"Bien." Akaandika na hilo pia.

Halafu akafungua kabati akatoa mkanda. Ulikuwa mkanda wa kupimia presha, wa zamani, ambao fundi wa nguo aliuongezea kitambaa kigumu ili uzunguke paja. Akaufunga juu kabisa, karibu na nyonga, akaweka vidole viwili kwenye mguu wangu chini, penye mapigo, akaanza kubonyeza mpira wa hewa. Mkanda ukaniuma. Alibonyeza mpaka mapigo yakapotea chini ya vidole vyake, akasoma presha kwenye saa ya mkanda, halafu akaachia hewa kidogo kidogo mpaka akaridhika.

"Sasa damu inaingia," alisema, "mais kutoka inachelewa." Alichanganya Kifaransa bila kujua: mais ni lakini, donc ni kwa hiyo.

Akanifungia kifuko cha mchanga cha nusu kilo. Nusu kilo! Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimezoea kubeba ndoo kichwani tangu utotoni. Akaniambia ninyooshe goti mara thelathini, nipumzike kidogo sana, halafu kumi na tano, halafu kumi na tano, halafu kumi na tano tena. Mara ya ishirini nikaacha kucheka. Paja lilikuwa linawaka kama mtu ameweka makaa chini ya ngozi. Mguu ukawa mzito, ukawa mwekundu, ukawa si wangu.

"Kine, ondoa!"

"Bado."

"Nakufa!"

"Mutu anakufa hasemake."

Alihesabu kwa sauti, na kuhesabu kwake kulikuwa na utaratibu. Wazee aliwahesabia kwa Kinande, wanafunzi kwa Kifaransa, wanajeshi kwa Lingala. Mtu aliyelia alimhesabia kinyumenyume, ili aone kwamba mwisho unakaribia. Siku hiyo mimi nilihesabiwa kinyumenyume.

Alipoachia hewa, damu ikarudi kwa kishindo, na nikasikia raha ambayo sijawahi kuieleza vizuri kwa mtu yeyote. Nikiwa nimelala pale, jasho linanitoka, akanieleza kwa nini. Alieleza vizuri mno. Nadhani hata yeye alipenda kujisikiliza katika jambo hilo moja.

"Muguu yako haiwezi kubeba uzito munene. Goti itakataa. Donc tunaidanganya. Damu inachelewa, misuli inakosa hewa, inachoka mbio sana, inakuwa na uchafu. Kichwa inafikiri umebeba mufuko ya saruji. Inatuma homoni, ile ya kukua, ile inakuzaka batoto. Homoni inapanda, inafika mu muguu, misuli inarudi."

Mimi ni mwalimu, na maneno hayo yalinipendeza. Niliyabeba nyumbani nikamweleza dada yangu, dada yangu akawaeleza wanawake wa kwaya. Kila mgonjwa wa Kine alifanya hivyo. Kwa miezi michache, upande ule wa Beni, neno homoni lilitajwa sokoni kama jina la jirani.

Hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia "wasingya" aliangalia pembeni, kama umemkumbusha jambo alilosahau kufanya. Hakupenda pia wagonjwa kusali kwa sauti mezani pake, ingawa alikuwa shemasi. "Utasali ukishamaliza kumi na tano," alisema. Kanisani alilala tangu mwanzo wa mahubiri, lakini maombi ya wagonjwa yalipoanza aliamka mwenyewe, bila kuguswa, akasimama kabla ya wote. Alikunywa chai bila sukari na kuwasema waliotia sukari. Alivuta sigara moja kwa siku, nyuma ya jiko, na kuwakataza wagonjwa wote sigara. Nilipomwambia kwamba hiyo si haki, alikubali mara moja, akaendelea kuvuta.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuchagua mtu. Siku moja mfanyabiashara mkubwa alikuja na dereva wake, akataka mkanda kwa sababu ya bega. Kine alipima presha mara tatu, akasema hapana. Yule bwana akasema angelipa zaidi. Kine akamfungulia mlango, akamwambia dereva: "Mupeleke kwa docta leo. Hapana kesho." Nilisikia baadaye kwamba alipelekwa kweli, na alihitaji dawa kweli.

Wagonjwa wengi walikuwa wa vita. Sisi wa pikipiki tulikuwa tunaona haya kidogo, tukikaa kwenye benchi pamoja na watu wa risasi. Kulikuwa na mkulima mmoja wa kakao kutoka Oicha, mtu mrefu, mpole, aliyepigwa pajani akiwa shambani kwake. Kila mgonjwa mpya Kine alimwuliza anataka nini. Mimi nilijibu kwamba nataka kusimama darasani. Mama mzee mmoja wa Kalunguta alijibu kwamba anataka kupiga magoti kanisani. Yule wa Oicha alifikiri kwanza.

"Nataka miguu ya kukimbia," alisema.

"Ya kulima," Kine alimsahihisha, kalamu mkononi.

"Hapana. Kulima nitalima na hata moja. Nataka ya kukimbia."

Kine aliandika. Tangu siku ile alimwekea mkanda kwanza kabla yetu wote, na hakumhesabia kinyumenyume hata mara moja, maana yule mtu hakulia. Alipona. Alirudi Oicha. Baada ya muda alionekana tena mlangoni, miguu imejaa matope mpaka magotini, mke wake nyuma yake na mtoto mgongoni. Walikuwa wamekimbia usiku kucha. Kine alimketisha, akamletea maji, halafu, sijui kwa nini, akatoa mita akapima paja lake. Lilikuwa zuri, nene, sawa na lile la pili.

"Ilifanya kazi," alisema mkulima.

"Ndiyo," Kine alisema. Hakuandika. Alitoka akaenda nyuma ya jiko, na siku hiyo alivuta sigara mbili.

Lakini ni mjenzi aliyembadilisha.

Mjenzi alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, mwenye maneno mengi na kicheko. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye miti ya kusimamia akijenga, kiwiko kikaumia. Kine alimfunga mkanda juu ya mkono, akampa chupa ya maji ya kunyanyua. Mkono ukarudi vizuri. Mjenzi alifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo aliipeleka kwenye salle, chumba cha kunyanyulia vyuma karibu na soko, ambako yeye na wenzake walinyanyua mizigo ya saruji iliyomwagwa ndani ya makopo. Aliwaeleza juu ya homoni. Walielewa haraka. Nani asingetaka kukua bila sindano na bila vyuma vizito? Wakakata mipira ya ndani ya baiskeli, wakaanza kufungana mikono.

Nilikuwa mezani, mkanda pajani, siku alipoingia. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake. Alipouachia, kiganja kikaning'inia kutoka kifundoni. Hakikupanda.

Kine aliacha kunihesabia.

"Ulifunga na nini?"

"Na mpira ya kinga, ya baiskeli."

"Wakati gani?"

"Jana, kanisa ilipoisha."

"Nauliza ilikaa muda gani."

Mjenzi akainamisha kichwa. "Nililala nayo, Kine. Nilichoka, nikalala kidogo tu. Nilipoamka mukono ilikuwa baridi."

"Nani alikuambia ufunge na mpira?"

"Hakuna. Mais wewe ulisema damu ikichelewa, homoni inapanda. Donc nikafikiri, ikichelewa zaidi, itapanda zaidi."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu namna alivyofanya hesabu, ili mwalimu amwonyeshe alipokosea. Kine hakupiga kelele. Alikuja kwangu, akafungua hewa ya mkanda ingawa nilikuwa katikati ya kumi na tano ya pili, akautoa pajani mwangu, akauingiza kabatini, akafunga kufuli. Kisha akavuta kiti karibu na mjenzi, akaanza kugusa kidole kimoja kimoja, akiuliza: "Hapa unasikia? Na hapa?"

Mkanda ulikaa kabatini wiki nyingi. Tulipewa mazoezi ya kawaida tu: kunyoosha, kukunja, kupanda ngazi ya mbao. Goti langu halikuweza mzigo mkubwa, na mdogo bila mkanda haukunisaidia. Mwanzo wa mwaka wa shule ulikuwa unakaribia. Mkurugenzi alituma mwalimu mwenzangu kuniuliza hali, na nilielewa kwamba alitumwa kutazama, si kuuliza. Asubuhi iliyofuata niliingia kwa Kine na fimbo yangu, sikukaa.

"Kine, unaniazibu juu ya kosa ya mutu mwingine."

"Naazibu mukanda."

"Mukanda haina kosa. Mukanda yako iko na saa. Unapimaka mapigo, unahesabu, unaangalia rangi ya muguu. Ule alifunga mpira akalala. Ni kintu moja?"

"Kama singesema ile maneno hapa, angelala na mukono yake muzima."

"Na mimi?"

Alianza kupanga vifuko vya mchanga.

"Mimi nitafanya nini, Kine? Nitauzisha nyanya nikiwa nimekaa? Nifundishe nikiwa nimelala? Niambie wewe."

Alinionyesha meza kwa kidevu. Nikapanda. Akapima paja kwa mita yake, akafungua daftari, akalinganisha. Alisoma kurasa zile mara mbili.

"Imerudi nyuma," alisema.

Akaenda kufungua kabati. Lakini tangu siku hiyo kulikuwa na sheria. Kabla ya kufungwa, kila mgonjwa alipaswa kusema kwa sauti, kama katekisimu, kwamba mkanda ni wa mahali hapa tu, kwa mkono wa Kine tu, kwa dakika chache tu, na kwamba nyumbani hatafunga kitu chochote. Ukikosea neno moja, ulianza upya. Wanajeshi walichukia jambo hilo. Yule mama wa Kalunguta aliongeza "Amina" mwishoni, na Kine akamwacha.

Siku ya kwanza ya mwaka wa shule nilisimama mbele ya darasa la tatu. Nilijishika kwenye ukingo wa ubao mpaka mapumziko, jasho likinitoka mgongoni, lakini nilisimama. Nilitaka kwenda kumwambia. Nilikumbuka uso wake wa kushukuriwa, nikaacha, nikamtumia kopo la asali bila jina.

Mkono wa mjenzi ulimchukua Kine zaidi ya mwaka. Alimhudumia kila siku isipokuwa Jumapili, halafu hata Jumapili. Vidole vilianza kupanda polepole, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaoamka katika nyumba moja. Akaweza kushika kijiko. Akaweza kuandika jina lake. Lakini mwiko wa kujengea, wenye udongo wa saruji, kutoka asubuhi mpaka jioni, hapana. Mkono ulichoka na kulegea. Aliacha ujenzi akaanza kuuza misumari na mabati. Hakumlaumu Kine hata siku moja. Alimletea kuku wakati wa sikukuu. Hilo ndilo Kine hakuweza kulivumilia.

"Angenitukana," aliniambia mara moja, "ningepumuzika."

Kuna watu wanaodhani mtu mchovu ni mtu asiyejali. Kine alichoka kwa sababu hakuweza kuacha jambo. Miaka ilipita, nilikuwa natembea bila fimbo, nimeanza kusahau jina la mfupa uliovunjika, ndipo siku moja wakati wa mapumziko nikamwona akishuka kwenye pikipiki mbele ya shule. Watoto walikuwa wanacheza mpira uani. Alisubiri mpira upite, akaja moja kwa moja, akakataa kiti.

"Mwalimu, nilikudanganya."

Nilidhani ni juu ya goti.

"Ile maneno ya homoni," alisema. "Nimesoma. Nimesoma mingi, mu simu, usiku na asubui. Homoni inapanda, ile ni kweli. Mais inapanda kidogo, kisha inashuka mbio. Na batu bamepima, baliona haiko yeye njo inakuzaka misuli. Ni misuli yenyewe. Ikikosa hewa, ile sehemu yake inalalaka, ile inangojaka mizigo minene, inaamuka yote. Kazi inafanyikia pale pale mu paja. Kichwa haitume kintu cha maana."

"Na wenye kusoma banajua yote sasa?"

"Hapana. Bado banabishana. Mais vile nilisema mimi, na ile furaha yote, haikukuwa vile."

"Lakini Kine, ninatembea."

"Unatembea."

"Sasa shida ni nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Ule kijana mujenzi hakufunga mpira sababu ya misuli. Alifunga sababu ya homoni. Ningemwambia kazi iko mu misuli, pole pole, angesema ni kazi kama kazi zote, angeacha. Nilimupa neno tamu, na neno haikukuwa hata ya kweli."

Watoto walikuwa wanapiga kelele, kengele ikalia. Alikuwa na orodha mfukoni, majina ya wagonjwa wake wa zamani aliowaeleza habari ya homoni, na alikuwa anawazungukia mmoja mmoja. Alikwenda mpaka Kalunguta kwa yule mama mzee, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba homoni yake imemsaidia kupiga magoti na yeye hairudishi. Kine alinisimulia jambo hilo kwa masikitiko makubwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Mjenzi alimweka wa mwisho. Sikuwepo. Najua tu kwamba alikaa dukani kwake, kati ya mabati, tangu saa tatu mpaka wanafunga, na kwamba walikula pamoja.

Baadaye hali ya Beni na vijiji vyake ilituchosha sote. Dada yangu alitangulia Butembo, nami nikapata shule huko, juu ya kilima ambacho goti langu hukikumbuka kila asubuhi. Sikujua kwamba Kine naye alikuwa amehamia Butembo kwa binti yake. Ni mwaka huu tu, wakati wa likizo, alipogonga mlango wangu. Mjenzi, ambaye siku hizi hununua mabati yake Butembo na hupita kunisalimia, ndiye aliyemwonyesha nyumba. Alikuwa amezeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu wembamba. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimpa chai, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Kazi?"

"Niliacha. Na hii mikono nitapima mapigo ya nani?"

Tukakaa. Aliuliza goti, nikamwonyesha. Alilitazama kwa muda, akakubali kwa kichwa, hakuligusa.

"Mwalimu, unaandika vizuri," alisema mwishoni. "Andika kintu kwangu."

Alikuwa amepita karibu na salle moja chini ya kilima, akachungulia dirishani. Vijana walikuwa wamefunga mikono kwa mipira. Aliuliza nani aliwafundisha; wakasema ni jambo la Beni, linajulikana, linapandisha homoni.

Nilichukua karatasi. Aliniambia niandike Kiswahili cha watu, si cha shule. Niliandika kama alivyosema: "Batu bote ba salle. Hapana kufunga mukono ao muguu na mpira. Damu na mishipa inaweza kufa. Mutu mumoja alipoteza kazi yake. Homoni hapana njo inakuzaka misuli. Kama uko na kiungo ya kuuma, enda kwa kine wa kusoma, mwenye mukanda ya kupima." Alifikiri, akaniambia niandike tena chini: "Mimi njo nilileta hii maneno Beni. Nilikosea." Kisha akanitajia jina lake, lote, la baba na la ubatizo.

"Jina haiko lazima, Kine. Batasoma hata bila jina."

"Andika."

"Batakucheka."

"Bacheke. Andika munene."

Nikaliandika kwa herufi kubwa. Lilikuwa jina zuri, na ndiyo mara ya kwanza niliyoliandika.

Tulishuka pamoja, polepole, mimi kwa ajili ya goti na yeye kwa ajili ya kila kitu. Tulitoa kopi kwa mwenye mashine barabarani, tukanunua gundi. Katika salle kulikuwa na vijana watano au sita, na harufu ya jasho na saruji. Walitusalimu kwa heshima. Mmoja, mwenye mabega mazuri, alitusaidia kubandika karatasi kwenye mlango, akasimama kuisoma. Aliisoma yote, midomo ikitembea, mpaka jina.

"Ni nani huyu?"

"Ni mimi," Kine alisema.

Kijana akamtazama, akatazama tena karatasi. Nilisubiri kicheko. Hakucheka mtu. Kijana alikuna shingo, akauliza, kwa nia njema kabisa:

"Papa, tumeelewa mpira. Na kama ni kitambaa?"

Nilifunga macho. Nilitaka kumshika Kine mkono nimrudishe nyumbani kwa binti yake. Alikuwa amesimama, gundi vidoleni. Halafu alitafuta benchi kwa mkono, akakaa, akaonyesha nafasi kando yake.

"Kuya hapa," alisema. "Leta mukono."

Kijana akakaa. Kine akaweka vidole viwili kwenye kifundo chake kutafuta mapigo. Vidole vilitetemeka, vikapita juu, vikapita chini, havikupata kitu. Kijana alingoja kidogo, halafu akavishika taratibu kwa mkono wake wa pili, akavisogeza.

"Ni hapa, papa."

"Asanti," Kine alisema. "Sasa sikia."

Na wale wengine wakaweka vyuma chini, wakasogea.